Mfumo Haukatai: Aliyekataa Ni Mtu

Iko sentensi moja ambayo imepata nguvu ya sheria katika ofisi zetu, ingawa hakuna Bunge lililowahi kuipitisha. Mstaafu anayefuatilia mafao yake huambiwa sentensi hiyo. Mwanafunzi aliyekwisha kulipa ada huambiwa hiyo hiyo. Mkulima ambaye namba yake ya ruzuku haisomeki naye huambiwa: "Mfumo umekataa." Baada ya hapo mazungumzo hufungwa. Afisa hupandisha mabega, mwananchi huondoka, na hapatikani mtu wa kuwajibika.

Napinga sentensi hiyo, na napinga zaidi elimu inayoilinda. Mfumo haukatai. Mashine haina utashi wala inda. Kukataa kulifanyika siku nyingi kabla, na aliyekataa ni mtu: yule aliyeamua namba ihifadhiwe katika nafasi ya upana gani, isomwe kwa msingi upi wa kuhesabia, na kila biti ndani yake iwe na maana ipi. Maamuzi hayo hayajadiliwi bungeni wala hayatangazwi katika gazeti la serikali, lakini yanamgusa raia kuliko sheria ndogo nyingi tunazozipigia kelele.

Nayaandika haya kwa sababu katika vikao vya mitaala imeanza kuzoeleka hoja kwamba mada ya biti na misingi ya namba, ambayo tumezoea kuifundisha kwa lugha ya C, imepitwa na wakati. Wasemao hivyo wanakumbusha kwamba lugha hiyo ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwamba soko linataka watu wa kutengeneza programu za simu. Na kwamba siku hizi akili mnemba huandika programu kwa dakika chache. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Muhula ni mfupi na vijana wanahitaji ajira. Kosa lake ni kuichukulia biti kuwa siri ya mafundi peke yao, kana kwamba raia, mkaguzi wa hesabu na mwanaharakati hawana haja nayo. Hebu tuone kama hawana.

Tuanze na kibaba. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nao walijua kwamba kibaba kina mwisho. Ukizidisha mchele humwagika, na kila aliyepo sokoni anauona chini. Namba ndani ya kompyuta nayo hukaa katika kibaba. Baiti moja ina biti nane, hivyo hubeba thamani kuanzia 0 hadi 255. Tofauti ni kwamba kibaba hiki kikijaa hakimwagiki. Ukiongeza 1 juu ya 255, mashine hurudi kwenye 0 bila kelele na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea.

Kati ya 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita, huko Marekani na Kanada, kiasi cha mionzi kilichopita mno kipimo, na baadhi yao wakafa. Zilikuwamo kasoro zaidi ya moja. Mojawapo, iliyohusishwa na ajali ya Yakima ya Januari 1987, ilikuwa ndogo kiasi cha kutia uchungu. Programu ilikuwa na namba ya baiti moja iliyotumika kama ishara: ikiwa si sifuri, kagua kwanza kama vifaa vimekaa mahali pake, ikiwa sifuri, endelea. Mtunga programu, badala ya kuandika "weka namba isiyo sifuri", aliandika "ongeza moja". Kila mara ya 256, kibaba kilijaa na kurudi sifuri, na ukaguzi ukarukwa. Kabla ya hapo, hospitali nyingine iliyokuwa imelalamika iliambiwa na watengenezaji kwamba haiwezekani mashine hiyo kumzidishia mgonjwa mionzi. Hilo ndilo jibu la "mfumo umekataa" katika umbo lake jingine: mfumo haukosei, basi mkosaji ni wewe unayelalamika.

Msomaji atasema hayo ni ya ng'ambo. Basi tuchukue hesabu ya nyumbani. Namba kamili ya biti 32 yenye alama ya chanya au hasi haiwezi kuzidi 2,147,483,647. Tuseme mtunga programu wa mfumo wa malipo ameamua, kwa nia njema, kuweka fedha zote kwa senti ili kukwepa desimali, na amechagua namba ya upana huo. Kiwango cha juu kabisa ambacho mfumo wake unaweza kumlipa mtu ni shilingi 21,474,836 na senti 47. Kwa shilingi ya Tanzania, hicho ni kiwango ambacho kiinua mgongo cha mtumishi wa kawaida kinaweza kukivuka. Senti moja ikizidi, mashine nyingi zitageuza namba hiyo kuwa hasi: mstaafu aliyeitumikia nchi miaka 35 ataonekana anadaiwa na nchi. Mfumo wenye ukaguzi mzuri utagoma kuendelea, na karani atasema umekataa. Kwa kweli aliyekataa ni yule aliyechagua kibaba kidogo, na yule aliyepokea mfumo bila kuuliza ukubwa wa kibaba.

Sasa tuje kwenye misingi ya kuhesabia. Watu wetu hawakuwahi kuwa wafungwa wa kumi. Saa ya Kiswahili huhesabu kwa kumi na mbili. Wafanyabiashara wa pwani walihesabu nguo kwa korija, yaani ishirini ishirini. Na tunapogawa kitu tuna maneno matatu ya zamani: nusu, robo na thumuni. Hizo ni sehemu moja ya mbili, ya nne na ya nane. Kila moja ni nusu ya iliyotangulia. Kompyuta nayo hugawa hivyo hivyo, kwa sababu msingi wake ni mbili. Nusu, robo na thumuni huziandika kwa ukamilifu. Isichoweza kukiandika kwa ukamilifu ni sehemu moja ya kumi. Kama vile sisi tunavyoandika theluthi kuwa 0.333 bila kufika mwisho, mashine huandika sehemu ya kumi kwa mfuatano wa biti usiokoma, kisha huukata pale nafasi inapoisha.

Matokeo yake yanaonekana kwa mtu yeyote mwenye kompyuta na saa moja ya muda. Andika programu ya C itumiayo namba za aina ya double. Anza na deni la 1, kisha punguza 0.1 mara kumi. Hutapata sifuri. Utapata salio dogo mno, lenye sifuri kumi na tano baada ya nukta kabla ya kufika tarakimu yenye thamani. Kioo kitaonyesha 0.00, lakini ukiiuliza programu kama deni limefika sifuri, itajibu hapana. Mdaiwa wa mkopo anayeambiwa kwamba hawezi kupewa barua ya kumaliza deni, huku salio likisomeka sifuri, ana haki ya kuuliza: fedha yangu mmeiweka kwa namba ya aina gani?

Na kosa hilo likiachwa lijikusanye, haba na haba hujaza kaburi. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Iraki lilianguka katika kambi ya Wamarekani huko Dhahran, Saudi Arabia, na kuua askari 28. Mtambo wa Patriot uliopaswa kulizuia ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Saa yake ya ndani ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi ilikuwa imekatwa ili iingie katika biti 24. Kila pigo la saa lilipoteza kipande kisichoonekana; baada ya saa 100 upotevu ulifika sekunde 0.34 hivi, na mtambo ukalitafuta kombora zaidi ya nusu kilomita mbali na lilipokuwa. Waisraeli walikuwa wametoa tahadhari wiki mbili kabla kwamba mtambo hupoteza shabaha ukikaa muda mrefu bila kuzimwa. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku moja baada ya vifo hivyo. Tahadhari ilikuwapo, marekebisho yalikuwapo; kilichokosekana ni mtu pale kambini aliyeelewa kwamba "muda mrefu" ni saa ngapi na kwa nini.

Nigeukie sasa lugha ya C yenyewe, maana ndiyo inayoshtakiwa kwa uzee. Uzee wake ndio sababu ya kuifundisha. Mifumo ya uendeshaji, hifadhidata na vifaa vya mtandao vinavyobeba shughuli za dola vimeandikwa kwa kiasi kikubwa kwa C au kwa lugha zilizorithi desturi zake. Anayetaka kujua sheria za nchi husoma pia sheria za zamani ambazo bado zinatumika.

Chukua desturi moja. Katika C, namba inayoanza na sifuri husomwa kwa msingi wa nane. Ukiandika 010 umeandika nane. Tarakimu 8 na 9 hazimo katika msingi huo. Tuseme ofisi inazipa kata zake namba 01 hadi 010, na mtunga programu ametumia njia ya kusoma inayoiacha lugha ijiamulie msingi. Kata ya 010 itasomwa kuwa ya 8. Kata za 08 na 09 zitasomwa zote mbili kuwa 0, kwa sababu mashine husimama pale inapokuta tarakimu isiyoitambua. Kata mbili zimefutika na ya tatu imepewa jina la jirani yake, bila onyo lolote kwenye kioo. Mgawo wa dawa, vitabu au fedha utafuata namba hizo.

Chukua desturi ya pili, ambayo wanafunzi wangu hucheka wanapoiona kisha hunyamaza. Ili kuokoa nafasi, hali za mtu huwekwa katika namba moja, kila hali biti yake. Tuseme biti yenye thamani 1 maana yake yu hai, yenye thamani 2 ameajiriwa, na yenye thamani 4 amestaafu. Alama ya & hutumika kuchuja biti unayoitaka. Mtunga programu anataka kujua nani amestaafu, naye anaandika:

hali & MSTAAFU == MSTAAFU

Inasomeka vizuri. Lakini kama vile kuzidisha hutangulia kujumlisha, katika C ulinganisho wa == hutangulia &. Mashine kwanza inauliza kama MSTAAFU ni sawa na MSTAAFU. Ni sawa, na "kweli" katika C ni 1. Kisha inachuja hali kwa 1, yaani biti ya aliye hai. Umeuliza nani amestaafu, umejibiwa nani yu hai. Kwa programu hiyo, kila mtumishi anayepumua amekwisha kustaafu. Mabano mawili tu yangeliondoa kosa hilo, na kompaila za kisasa zinaweza kulitolea onyo, endapo kuna mtu anayesoma maonyo.

Desturi hiyo ilitoka wapi? C ilitokana na lugha iliyoitwa B, ambamo alama ya & ilifanya kazi mbili. Kazi hizo zilipotenganishwa, Ritchie na wenzake waliiacha & mahali pake ili programu chache zilizokwisha kuandikwa zisiharibike. Ritchie mwenyewe alikuja kukiri kwamba ingekuwa bora kuihamisha. Wakati ule kompyuta zenye lugha hiyo zilihesabika kwa vidole. Leo ulimwengu mzima unaishi na urahisi wa watu wale wachache. Sisi tuliorithi mipaka na sheria zilizoandikwa kwa urahisi wa wengine hatuhitaji kufafanuliwa sana maana ya jambo hilo. Tunachohitaji ni kuacha kudhani kwamba kilichoandikwa katika mashine kimeshuka kutoka mbinguni.

Katika nchi ambayo imewahi kusaka watumishi hewa, na ambayo wastaafu wake hupanga foleni ya uhakiki ili kuthibitisha kwamba hawajafa, nani atasema kwamba biti inayotenganisha hai na marehemu ni jambo la mafundi tu?

Tena maarifa haya huokoa. Mei 2003, katika uchaguzi wa Ubelgiji, mgombea mmoja wa Schaerbeek alijikuta na kura nyingi kuliko zilizowezekana. Kura ziliporudiwa kuhesabiwa, ziada ilikuwa 4,096 kamili. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni namba kama nyingine. Kwa anayejua biti, 4,096 ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi na mbili: biti moja, ya kumi na tatu kutoka kulia, iligeuka kutoka 0 kuwa 1. Wataalamu hawakupata kosa katika programu, na maelezo yaliyobaki yalikuwa kugeuka kwa biti hiyo kwenye kumbukumbu ya mashine. Angalia mambo mawili. Kwanza, kosa lilionekana kwa sababu lilivuka kinachowezekana. Biti hiyo hiyo ingegeuka mahali penye kura nyingi, huenda isingeonekana. Pili, palikuwapo watu wa kuutambua ushahidi walipouona.

Hapa Afrika Mashariki hatuko mbali na jambo hilo. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipobatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, miongoni mwa sababu ilizozieleza ni tume ya uchaguzi kushindwa kutii kikamilifu agizo la kufungua seva zake zikaguliwe. Tangu hapo "fungueni seva" imekuwa kauli ya wanaharakati, na ni kauli ya haki. Ila nawauliza ndugu zangu wanaharakati: siku seva itakapofunguliwa, nani kati yenu atasoma kilichomo? Tukiagiza wataalamu wa kuja kutusomea, tutakuwa tumehamisha imani kutoka kwa mkubwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Na tarehe imekwisha kuwekwa. Mifumo mingi ya ukoo wa Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Ile inayoziweka sekunde hizo katika biti 32 itajaza kibaba chake tarehe 19 Januari 2038, ambapo Dar es Salaam na Nairobi itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Sekunde inayofuata, itadhani ni Desemba 1901. Mifumo mipya imehamia biti 64. Ya zamani, na vifaa vilivyosahaulika ukutani, bado haijulikani vyote viko wapi. Tena kwa anayekokotoa tarehe za mbele, 2038 imekwisha kufika. Mtumishi aliyezaliwa 1990 atafikisha miaka 60 ya kustaafu kwa lazima mwaka 2050. Mfumo wa biti 32 hauwezi kuiandika tarehe hiyo hata leo.

Kuhusu akili mnemba, ndiyo, inaandika programu. Inaandika pia mstari ule wa & usio na mabano, kwa kuwa imefunzwa kwa maandishi ya watu. Kadiri mashine zinavyotuandikia, ndivyo tunavyohitaji wasomaji wengi zaidi. Nchi inayofundisha vijana wake kubonyeza tu inaandaa makarani wa sentensi ile ile niliyoanza kwa kuipinga.

Nadai nini, basi? Nadai kwamba biti na misingi ya namba zibaki katika mtaala, na zifundishwe pia kwa wanaosomea sheria, uhasibu na utawala, kwa lugha wanayoielewa. Saa kumi za darasa zinatosha kumfanya mkaguzi aulize swali sahihi. Nadai kwamba kila mkataba wa mfumo wa umma uambatane na maelezo ya maandishi: fedha imewekwa kwa aina gani ya namba, kiwango cha juu ni kipi, tarehe ya mwisho ni ipi, namba za utambulisho zinasomwa kama maandishi au kama hesabu. Na nadai kwamba mtumishi wa umma anayesema mfumo umekataa atoe kwa maandishi sababu ya kukataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 zote zinagusa maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake na kumpa mhusika haki mbele ya maamuzi hayo. Haki hiyo itabaki karatasini hadi tuwe na watu wa kuidai kwa maneno mahususi.

Kwenu wanafunzi, ninaomba jambo moja la wiki hii. Andikeni programu ile ya deni la 1 linalopunguzwa mara kumi. Ichapisheni, na matokeo yake yasomeni mbele ya mtu anayefanya kazi katika ofisi ya malipo. Kisha mwulizeni mfumo wake unahifadhije senti. Kama hajui, mwulizeni nani anajua, mkaandike jina na cheo cha huyo mtu, kwa sababu huyo ndiye mnayepaswa kumwandikia barua.